Mfumo wa amri za kijeshi: uundwe kipande kwa kipande, au usubiriwe ukamilike?

MLETA MADA, LAMU
Ndugu zangu, nimebishana na mzee wangu mmoja barazani Langoni, askari mstaafu. Nilimwambia mifumo ya amri na udhibiti, ile inayomwonyesha kamanda nani yuko wapi na ndege ipi iende wapi, iundwe kwa mtindo wa ajaili (agile kwa Kiingereza): kipande kidogo kwa wiki mbili tatu, anakabidhiwa mtumiaji, anataja kasoro, kinarekebishwa. Akanijibu, "Vita si simu ya mkononi. Kitu kikamilike ndipo kikabidhiwe."

Namheshimu, lakini nakataa. Mwaka 2016, katika kituo cha Marekani cha operesheni za anga kule Al Udeid, Qatar, ratiba ya ndege za kujaza mafuta angani ilipangwa kwa mkono kwenye ubao mweupe, huku mradi wa kuboresha mfumo mzima ukimeza mamia ya mamilioni ya dola. Kikosi kidogo cha waunda programu kikaketi na wapangaji wenyewe, na kwa miezi michache ubao ukapata mbadala. Mradi ule mkubwa ulifutwa 2017.

MCHANGIAJI, MALINDI
Kupanga mafuta sawa. Kurusha kombora je? Hapo toleo bovu ni maiti. Mimi niko na mzee.

MLETA MADA
Ndugu yangu, swali lako ndilo zito. Kumbuka Dhahran, Saudia, 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot, ule wa Marekani wa kudungua makombora, ulikuwa umewashwa saa 100 mfululizo, na hesabu yake ya wakati ilikuwa imepotoka kwa thuluthi ya sekunde. Kwa muda huo Scud, kombora la Iraq, huruka zaidi ya nusu kilomita, hivyo rada ikatafuta pasipo na kitu, na kombora likapiga kambi. Askari 28 wa Marekani walikufa. Waisraeli, waliotumia mtambo huohuo, walishaitaja kasoro ile wiki mbili kabla. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baadaye! Iliyowaponza ni njia ndefu kati ya aliyeiona kasoro na aliyeweza kuirekebisha.

Lakini hapa nakupa haki yako. Hapa kwetu Lamu, kijijini Matondoni, fundi huunda jahazi bila mchoro, mwenye chombo akija kutazama na kusema lake, ila halishuki majini bila kalafati, yaani kuzibwa nyufa za mbao. Kwa mitambo ya kufyatua, majaribio ndiyo kalafati: yafanyiwe kila kipande, na toleo jipya lisiwekwe askari akiwa zamuni.

Mliotumikia jeshini, semeni: mlipoona kasoro mlimwambia nani, na ilichukua muda gani kurekebishwa?