Jarida limekalia mswada wangu miezi 14, halafu linaniambia data zimezeeka

Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Juzi usiku nimepokea barua pepe ya mistari minne kutoka jarida moja la famasi ambalo sitalitaja. Mswada wangu umekataliwa. Kukataliwa nakujua, kila anayeandika kumemkuta. Kinachonichoma ni sababu: eti data zilikusanywa zaidi ya miaka miwili iliyopita.

Niliuwasilisha data zikiwa na miezi 11. Miezi 14 iliyofuata ulikuwa mikononi mwao. Wameuzeesha wenyewe, kisha wameukataa kwa uzee!

Mjue nalilia nini. Nilizunguka maduka ya dawa muhimu kuanzia Uyole, Mwanjelwa, Iyunga hadi Mbalizi, nikiwahoji watoa dawa wanafanyaje mteja anapofika bila cheti cha daktari, ana shilingi 500 mkononi, anataka vidonge vinne vya "rangi mbili", yaani antibiotiki, vya kikohozi. Wengine walinifungukia mambo ambayo wangeyaficha kwa kuogopa wakaguzi. Walisema kwa sababu niliwaahidi kwamba majibu yatawafikia wenye maamuzi. Mama mmoja wa Iyunga kila akiniona huniuliza, "Daktari, yale majibu yetu yametoka?" Nimjibu nini? Kwamba yako kwenye foleni ya watu wasiojibu barua?

Masharti yao yote niliyatimiza. Kibali cha maadili kipo. Orodha ya STROBE, ile ya kuhakiki ripoti za tafiti za uchunguzi, yenye vipengele 22 niliijaza, kila kipengele na ukurasa wake. Muhtasari haukuzidi maneno 250, mistari ina namba, majedwali yako mwisho wa faili, majina ya waandishi yako kwenye faili lake ili wapitiaji, yaani wataalamu wanaotathmini mswada, wasitujue. Bado nilirudishiwa mara mbili kabla mhariri hajauona: kwanza kwa sababu jina la hospitali yetu lilibaki kwenye shukrani, kisha kwa sababu marejeo hayakufuata mtindo wa Vancouver, yaani niliandika majina ya majarida kwa ukamilifu badala ya vifupisho. Nikakesha kurekebisha marejeo 41, umeme ukikatika naendelea kwenye simu. Sikulalamika. Utaratibu ni utaratibu.

Lakini huo mtindo wa Vancouver umetokana na wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978. Kundi lao ndilo leo linaitwa ICMJE, yaani Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, na miongozo yake haiishii kwenye nukta na mkato. Inasema pia kwamba jarida lisilo na nia ya kuendelea na mswada liukatae mapema iwezekanavyo, ili mwandishi aupeleke kwingine. Jarida hili limeandika kwenye tovuti yake kwamba linaifuata miongozo hiyo. Basi liifuate yote.

Mswada ulikaa "kwa mhariri" miezi saba. Nikaandika, kimya. Nikaandika tena, ikanijibu mashine. Ulipofikisha miezi tisa nikaomba rasmi kuuondoa, kimya vilevile. Na kwa wasiojua, mtego uko hapo: mswada mmoja hauruhusiwi kuwa kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja. Ukiupeleka kwingine kabla hujathibitishiwa kuwa umeondolewa, mkosaji ni wewe. Mimi nimefungwa mikono na miguu, wao hawajafungwa na chochote.

Halafu mpitiaji, tena mmoja tu, anauliza kwa nini nimefanya utafiti kwenye maduka yasiyo na usajili. Maduka ya dawa muhimu! Mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, wenye watoa dawa waliopewa mafunzo, vibali, na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, zikiwamo baadhi ya antibiotiki. Nimelieleza hilo aya ya pili ya utangulizi. Miezi 14 yote hiyo na aya ya pili haikusomwa.

Najua mtasema wapitiaji hawalipwi na wahariri wanajitolea. Kweli, na mimi nimepitia miswada ya wenzangu bila senti. Ila kusema "kazi hii hatuihitaji" hakumsubiri mpitiaji. Mhariri akishasoma muhtasari anajua, na wiki mbili zinamtosha kabisa kuniandikia sentensi moja.

Mwenzangu mmoja alichoka na usumbufu wa namna hii, chuo kikimdai uthibitisho wa kuchapisha, akalipa jarida la kitapeli lililomkubalia ndani ya siku nne bila mtu kusoma. Leo kazi yake nzuri kabisa iko mahali ambapo hakuna anayeihesabu, na hawezi kuichapisha tena. Nilimlaumu sana wakati ule. Sasa namwelewa, na inaniuma kwamba namwelewa.

Mimi sitafika huko. Nimeanza kuupanga upya kwa masharti ya jarida lingine. Wenye uzoefu, naomba mtaje majarida ya famasi mliyopeleka kazi ninyi wenyewe, na mlisubiri wiki ngapi hadi jibu la kwanza. Wekeni na mwaka. Wale wa "lipa leo, chapisha Ijumaa" msiniandikie. Jumamosi nina safari ya Iyunga, na njia inapita mbele ya lile duka.