Naomba ushauri: siku ya kuchangia Python, bando ndiyo shida
Wakuu, habari za leo. Tuko vijana 12 hapa Mwanza, tunataka Jumamosi moja tukae tuchangie Python yenyewe, ile lugha ya kuandikia programu. Tuanze na kurekebisha nyaraka zake, maana kodi (maandishi ya programu) ya lugha ya C iliyo ndani bado inatutisha.

Kinachonisumbua ni bando. Juzi nilijaribu kuishusha kodi yote kutoka GitHub, tovuti inakohifadhiwa, kwa hotspoti ya simu. Ikakata njiani, GB zimeisha na sina hata faili moja! Ukiweka --depth 1 kwenye amri ya kushusha (git clone), inashuka hali ya sasa tu, bila historia ya tangu 1990. Sasa nishushe mara moja niwagawie kwa flashi, au italeta shida wakati wa kutuma mabadiliko? Mliowahi kuandaa, mlifanyaje?