DAC na amplifaya za hedifoni: adapta ya Apple, FiiO ya mfukoni au seti ya mezani?

FundiSauti_Nyegezi
Habari za jioni wakuu. Kuna vijana wananiuliza wanunue DAC ipi, yaani kile kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali ya simu au kompyuta kuwa umeme wa kupeleka kwenye amplifaya na hedifoni, basi nayaweka hapa kwa pamoja. Mimi narekodi na kumiksi kwaya. Ukuta wangu umepakana na mashine ya kusaga, kwa hiyo mchana spika hazinisaidii kitu. Kazi yote iko kwenye hedifoni.

Nilivyolinganisha: adapta ya Apple ya USB-C (ile ya kuchomekea hedifoni kwenye simu, ndani ina DAC ndogo), FiiO KA3 ya mfukoni, na seti ya Schiit, yaani DAC ya Modi juu ya amplifaya ya Magni. Hedifoni ni Audio-Technica M50x ya ohm 38 na Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya ohm 250. Ohm ni ukinzani: ukiwa mkubwa, volti ileile inatoa nguvu ndogo.

Kwa M50x sikusikia tofauti ya kuitolea hela. Kile kiadapta kidogo cha Apple kiko safi mno, na anayekidharau anadharau bei yake tu.

Kwa DT 770 mambo yanabadilika. Adapta inatoa volti 1 ikifika mwisho. Kwenye ohm 38 hiyo ni kama miliwati 26. Kwenye ohm 250 ni miliwati 4. Singeli iliyokwisha kubanwa mpaka juu utaisikia vizuri tu. Lakini rekodi mbichi ya kwaya, ambayo nimeiachia desibeli 12 za nafasi ili mtu wa sopra asinipasulie wimbo, naikuta adapta imefika mwisho wa sauti na besi za nyuma bado nazitafuta. FiiO inamudu. Magni inamudu na kubaki na akiba kubwa.

Ningekuwa na hela ya kitu kimoja, ningenunua hedifoni bora kwanza, DAC ingekuja mwisho kabisa.

Ngosha255
Mkuu hapo kwenye DAC nakupinga. Chipu ya ndani ikiwa ya kampuni ya ESS ina ukali kwenye trebo, ya kampuni ya AKM ni laini, ina joto. Kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kilipoungua Oktoba 2020 vifaa vyenye chipu zake vikawa adimu, watu wakavigombania. Walikuwa wajinga wote?

FundiSauti_Nyegezi
Wajinga hapana, bidhaa ikiadimika hata asiyeihitaji anaitafuta. Chipu haifanyi kazi peke yake, Ngosha. Kuna kichujio, kuna saketi ya kutolea sauti, kuna umeme unaoilisha. Mhandisi mzuri anatengeneza kifaa kizuri kwa chipu yoyote kati ya hizo, na mbovu anaharibu zote mbili.

Halafu watu wanahangaika na DAC za biti 32. CD ya biti 16 ina nafasi ya karibu desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wa chini. Wewe unakaa Igoma, barabarani, feni inazunguka. Hizo 96 zenyewe utazimaliza lini?

Ngosha255
Mimi masikio yangu nayaamini. Nilibadilisha DAC, sauti ikafunguka, besi ikashuka chini. Hilo huniambii kitu.

Dada_Mwaloni
Ngosha, ulisawazisha sauti kabla ya kulinganisha? DAC moja ikipiga juu kidogo tu kuliko nyingine, sikio halikwambii "hii ina sauti kubwa zaidi", linakwambia "hii ni bora". Cheza mlio wa hezi 50, pima volti kwa multimita kwenye waya huku hedifoni zimechomekwa, rekebisha mpaka tofauti isizidi asilimia 1. Hapo uko chini ya desibeli 0.1. Multimita za bei rahisi zinapima sawasawa kwenye hezi 50, kwa hiyo usitumie mlio wa juu. Kisha mtu mwingine abadilishe waya bila wewe kuona. Tukisharudi kwenye hilo ndipo tuongee joto na ubaridi.

Na mimi nina langu. Nahariri vipindi kwa laptopu, nimeunga DAC ya mezani, na kutoka hapo kuna spika zenye umeme wake. Nikichomeka chaja unaanza mvumo, mmmmm, mpaka kwenye hedifoni. Ninunue DAC ya bei zaidi?

FundiSauti_Nyegezi
Usinunue kitu dada. Hiyo ni ethi (waya wa ardhini) inazunguka: laptopu imeshika ethi kupitia chaja, spika nazo zimeshika yake, na mvumo wa hezi 50 unapita katikati kwenye waya za sauti. Chomoa chaja usikilize kwa betri. Mvumo ukinyamaza, chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikubali fundi akukatie pini ya ethi, hiyo ni roho yako.

Na kama umeme umekatika uko kwenye inveta ya bei chee, wimbi lake lina kona kona, na adapta yenye transfoma kama ya Magni itaunguruma. Siku za giza mimi nahamia FiiO, inakula betri ya simu na kupata moto kidogo, ila kimya kabisa. Anayeagiziwa Magni kutoka Marekani aangalie pia adapta yake ya ukutani: kuna ya volti 115 na ya 230. Ya 115 ukiichomeka hapa umeichoma.

Mzee_wa_Hifi
Vijana, hedifoni yangu ya Sennheiser HD 600 naichomeka kwenye amplifaya kubwa ya sebuleni, ya zamani. Besi imejaa kuliko kwenye FiiO ya mwanangu. Masikio ya uzee hayo?

FundiSauti_Nyegezi
Shikamoo mzee. Masikio yako mazima. Amplifaya nyingi za zamani tundu la hedifoni limewekewa rezista, mara nyingi ya ohm mia au zaidi. HD 600 ni ohm 300 kwa jina, lakini karibu na hezi 100 inapanda hadi kama 500. Rezista ikiwa ya ohm 120, besi ya pale inapata karibu desibeli 1 zaidi. Unachosikia kipo, na kama unakipenda, kaa nacho.

Mzee_wa_Hifi
Marahaba. Nakaa nacho.

Ngosha255
Haya, Jumamosi nakuja Nyegezi na DAC zangu mbili. Dada Mwaloni aje na multimita yake, na yeye ndiye abadilishe waya.

Dada_Mwaloni
Nakuja. Ila wimbo nachagua mimi.

Kijana_Buzuruga
Samahani wakuu, mimi nimenunua ile adapta ya Apple pale Makoroboi, Mwanza, kwenye Android sauti iko chini sana. Feki?

FundiSauti_Nyegezi
Si lazima. Soma maandishi madogo kwenye waya. A2049 ndiyo ya volti 1. A2155 ni ya Ulaya, inaishia nusu volti, yaani desibeli 6 pungufu. Ikiwa ni A2049 na bado iko chini, ni simu: Android nyingi haziipandishi sauti ya adapta yenyewe hadi mwisho. Jaribu programu ya USB Audio Player Pro, ina uwezo wa kuipandisha. Ni ya kulipia, na YouTube haitaigusa.