Nimepigwa laki tano: wamenifungia kruzi ya mapambo kwenye Carina Ti, halafu wakachezea taa ya eabegi

Wakuu, salamu nitatoa siku nyingine, leo nina hasira. Mods naomba msiuhamishe huu uzi wala kuuunganisha na mwingine.

Nina Carina Ti ya mwaka 2000, injini 5A, gari ambalo tangu nilinunue halijawahi kunilaza njiani. Kila baada ya wiki mbili nakwenda Dodoma, kilomita kama 450 kwenda tu, na goti langu la kulia liliumia mpirani zamani. Nikifika Morogoro tayari limekaza. Halafu kuna vibao vya 50. Anayeijua ile barabara ananielewa: Chalinze, Mikese, Dakawa, Dumila, Gairo, Kibaigwa, kila kijiji kibao, mbele ya kibao mti, chini ya mti trafiki na tochi ya kupima spidi. Mguu ukichoka unazidisha bila kujua, 58, 61, "dereva weka pembeni," elfu thelathini imeondoka. Siku moja nilipigwa mbili kabla ya saa sita mchana. Hapo ndipo nikaanza kuota kruzi kontroli, kile kifaa kinachoshikilia spidi chenyewe: naweka 50, mguu unapumzika, tochi inaninunia.

Jamaa wa kazini akaniambia kuna gereji hapa Dar, siitaji jina kwa kuwa bado naidai, vijana wake wanafunga kruzi kwenye gari lolote. Lolote! Hilo neno peke yake lilitosha kunikimbiza. Nikaenda Jumamosi asubuhi. Fundi kijana msafi, tableti mkononi, maneno matamu. Hakufungua boneti. Narudia, hakufungua boneti. Alikaa kiti cha dereva, akapapasa usukani, akasema, "Bosi, hii Toyota. Toyota zote kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, inaijua kruzi, wameifungia tu kibiashara. Tunaweka mkono, tunabadilisha spairo, tunaingiza programu, kwisha habari."

Akaniandikia kwenye karatasi ya daftari: mkono wa kruzi (kile kiswichi cha kwenye usukani) 160,000, spairo (utepe wa umeme wa nyuma ya usukani) 90,000, programu 150,000, ufundi 100,000. Risiti ya mashine sikuomba. Ndiyo, najua, msianze.

Nikakaa kwenye benchi kuangalia kazi. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu nilikuwa naangalia na sioni. Kijana alichomoa eabegi ya usukani, lile puto la kukukinga ukigonga, huku redio ya gari inaimba. Redio inaimba maana yake betri haijachomolewa! Maelekezo ya Toyota yenyewe ni kwamba kabla hujaigusa eabegi unatoa terminali hasi ya betri na unasubiri angalau sekunde 90, maana mle ndani kuna umeme wa akiba. Huyu hakusubiri hata moja. Akaitoa, akailaza kifudifudi kwenye kiti cha abiria. Eabegi inalazwa uso juu, wakuu. Ikifyatuka ikiwa kifudifudi inaruka yenyewe na vyuma vyake kama fataki. Mimi muda huo nakunywa soda, namsifia kijana kwa kasi yake.

Baadaye nikasikia harufu ya plastiki kuungua. Kifuniko cha usukani wa Carina hakina tundu la mkono wa kruzi, kwa hiyo alipasha kisu kwenye jiko la mama ntilie wa jirani na kukata tundu. Lile tundu liko hivyo mpaka leo, kingo zimekunjamana kama ngozi iliyobabuka.

Jioni naitwa. Mkono upo, mzuri kabisa, wa Toyota kweli, umeandikwa CRUISE ON-OFF kwenye ncha, na kando SET na RES na CANCEL. Pembeni ya usukani, kwenye kile kibao kitupu cha swichi, kuna kitaa cha kijani. "Hicho kikiwaka ujue iko tayari." Nikafungua swichi, kikawaka. Roho yangu ikatulia.

Nikapiga honi. Kimya.

"Honi tumehamisha, bosi," akanionyesha kidude cheusi cha kubonyeza kilichogundishwa karibu na gia. Nikauliza kwa nini. "Ukiweka kruzi, honi lazima ihame, zinatumia njia moja." Nikakubali! Mtu mzima, nina watoto watatu, nikakubali. Mama watoto alipoingia kwenye gari kitu cha kwanza akauliza, "Baba Neema, hii kengele ya mlangoni imefuata nini huku?" Nikamwambia hajui mambo ya magari.

Nikataka kuijaribu mjini. Kijana akasema haishiki chini ya 80, niisubiri barabara kubwa. Muone huo ujanja. Kruzi za Toyota zinaanza kushika kwenye 40 hivi, lakini mimi nitajuaje? Na Dar hii, 80 utaikimbiza wapi?

Basi Alhamisi nimeivuka Chalinze, barabara nyeupe, niko 85. Nikabonyeza ncha, nikashusha mkono kuweka SET, kitaa cha kijani kinanitazama. Nikaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemwacha mtoto asimame mwenyewe kwa mara ya kwanza. 80. Nikajisemea inajipanga. 74. 66. Nyuma yangu lori la mafuta linawasha taa na kupiga honi, na mimi honi yangu iko kwenye gia. 58. Nikakanyaga. Nikarudia mara nne kabla ya Morogoro. Hata kilomita moja haikushika.

Nikapiga simu. Jibu la kwanza: "Bosi, labda injini imechoka, kruzi inataka injini yenye nguvu." La pili, nilipopandisha sauti: "Jaribu kwenye mteremko." Kwenye mteremko! Hata toroli la Kariakoo lina kruzi kwenye mteremko.

Dodoma kuna mzee mmoja fundi umeme wa magari, mtu wa maneno machache. Nikampelekea. Cha kwanza alichofanya ni kufungua boneti. Akaniambia, "Kanyaga mafuta." Nikakanyaga. "Shuka uje uone." Akanishikisha waya wa chuma unaotoka kwenye pedali mpaka kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini. "Kijana wangu, gari lako linavutwa na huu waya. Kontroli boksi haina mkono wa kufungulia hapa. Sasa hiyo programu waliingiza iende ikavute nini?"

Sikuwa na jibu, wakuu. Laki na nusu ya programu, na gari halina hata kitu cha kuprogramiwa kwenye hilo.

Akafungua usukani, safari hii betri imechomolewa na tukasubiri, mzee anaangalia saa yake ya mkononi. Nyaya mbili za ule mkono zimekunjwa zikafungwa tepu nyeusi, zimeishia hapo hapo ndani ya usukani. Haziendi popote. Kitaa cha kijani kimechukua umeme kwenye waya wa kiberiti cha sigara. Na spairo "mpya" ya 90,000 ni ile ile ya zamani, imechanika. Kwa asiyejua, spairo ni ule utepe uliojiviringa nyuma ya usukani, unaopitisha umeme wa honi na wa eabegi huku usukani unazunguka. Ukiurudisha bila kuuweka katikati, siku ukikata kona mpaka mwisho unakatika. Wao waliukata hapo hapo gereji, honi ikafa, ndiyo nikafungiwa kengele.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akauliza, "Taa ya eabegi inasemaje?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba haina shida, inawaka na kuzima kila siku. Akarudisha terminali, akaniambia nifungue swichi nisiwashe gari. Taa nyekundu ya eabegi ikawaka. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Taa nzima inajizima yenyewe kwenye sekunde kama sita, gari likiwa limewashwa au halijawashwa. Alifika sita. Alifika kumi. Alifika ishirini na taa bado inawaka. "Washa sasa." Nikawasha. Ikazima sekunde ile ile na taa ya oili, kama mapacha.

Waliiunganisha na taa ya oili. Walipochana utepe, taa ya eabegi iligoma kuzima, ikawa inasema kweli kwamba kuna hitilafu. Wao wakaikata kwenye njia yake wakaipachika kwenye ya oili, ili nikiwasha gari izime na mimi nitulie. Siku sita nimeendesha, siku moja na watoto nyuma, eabegi ya dereva imekufa, na taa pekee ya kunionya imefundishwa uongo. Hili la taa ndilo lililonitoa machozi, kweli kabisa. Laki tano mtu unaweza kuila kwa tamaa. Lakini kukaa chini, ukafungua dashibodi, ukachagua waya wa kuunganisha ili mtu asijue kwamba hana eabegi, hiyo ni kazi ya kama nusu saa yenye utulivu, na hakuna aliyekutuma.

Kabla hamjaja kuniambia kruzi za kufunga ni utapeli wote: hapana. Nilimuuliza mzee mpaka akachoka. Kwenye Toyota zenye akseleta ya umeme, mfano Premio za kuanzia 2007, waya wa chuma haupo. Pedali inatuma taarifa, kontroli boksi inaamua, mota inafungua throto. Kwenye mengi ya hayo kontroli boksi inaijua kruzi tangu kiwandani, na kweli unaweza kuweka mkono, spairo yenye njia za ziada na nyaya, ikafanya kazi. Mkono wenyewe ni kitu rahisi, kila upande unatoa ukinzani wake, mmoja ohm kama 240, mwingine 630, mwingine 1,540, kontroli boksi inasoma namba inajua umesema nini. Mzee aliupima mkono wangu kwa multimita, mzima kabisa! Unaongea vizuri, ila hakuna wa kuusikiliza.

Kwa gari la waya kama langu unahitaji seti kamili: mota yake au puto la vakyumu lenye waya wake wa kuvuta throto, kiboksi chake, taarifa ya spidi kutoka kwenye sensa, na kubwa kuliko vyote, nyaya za swichi ya breki, ili ukigusa breki tu iachie. Zipo, Rostra wa Marekani wametengeneza. Ila ni kazi ya fundi anayefungua boneti. Mimi ningeambiwa hivyo Jumamosi ile ningeshukuru, ningenunua dawa ya kuchua goti, ningerudi nyumbani.

Kinachonichoma zaidi, nikasoma kwamba aliyebuni hii kitu ni Mmarekani Ralph Teetor, kipofu tangu utotoni. Hataza alipata 1950, Chrysler wakaanza kuiuza kwenye magari yao ya 1958. Kipofu kabuni kruzi. Mimi mwenye macho mawili nimekaa kwenye benchi na soda yangu nikapigwa changa la macho.

Jana nimewafuata. Kijana wa tableti "amesafiri." Mwenye gereji kasema mkono nimepewa, kitaa kinawaka, karatasi haikuandikwa kwamba itashika. Kuhusu taa ya eabegi akacheka, eti wateja wengi wanaomba wenyewe taa isiwasumbue. Akanipa ofa: kuondoa kila kitu elfu hamsini. Nimlipe anitolee uchafu wake!

Ninao muamala wa simu wa 250,000, karatasi yenye mwandiko wake, na picha za nyaya na tepu alizopiga mzee. Wanasheria wa humu, naanzia mahakama ya mwanzo au polisi kwanza? Na ile nusu niliyolipa taslimu nitaithibitishaje?

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika "gari la mwaka 2000 unataka kruzi ya nini, si ununue Crown," goti langu limekusikia.

Na mwenye spairo nzima ya Carina Ti yenye eabegi, siyo ile ya usukani usio na eabegi, anicheki PM. Jumapili nabeba watoto.