Tumeongeza RAM bila faida: seva yetu ilikuwa inagandishwa na triga ya waliotuuzia mfumo

Ndugu wanajamvi, nimevumilia miezi mitatu na sasa nimechoka. Duka letu la vifaa vya ujenzi liko Ngamiani hapa Tanga, lina makeshia wanne wanaotumia seva moja ya MySQL (programu ya kuhifadhi data), na karibu kila wiki mauzo yote yalikuwa yanaganda kwa pamoja huku malori ya Muheza yakisubiri mlangoni na saruji haijaandikiwa ankara. Kampuni iliyotuuzia mfumo ilikuwa na jibu moja tu: seva imezidiwa, ongezeni RAM. Tukaongeza, na wiki iliyofuata ikaganda vilevile.

Juzi, badala ya kuzima na kuwasha kama tulivyofundishwa, niliandika amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS, inayoonyesha kinachoendelea ndani ya MySQL, nikakuta muamala mmoja (kundi la amri zinazothibitishwa kwa pamoja) uliokaa wazi dakika 21 bila kufanya lolote, umeshikilia kufuli la mstari wa namba za ankara, mstari ambao kila keshia lazima auguse kabla ya kuuza hata kilo ya misumari. Wengine wote walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja akingoja zile sekunde 50 zilizowekwa tangu kiwandani, kisha anatupwa na kosa 1205 (muda wa kungoja kufuli umekwisha), halafu anabonyeza tena.

Chanzo ndicho kilichonipandisha hasira. Wameweka triga, yaani amri inayojiendesha yenyewe data inapoingizwa au kubadilishwa, inayonakili jina la mteja kwenye jedwali la kumbukumbu, na safu ya jina humo inapokea herufi 30 tu, ilhali kikundi kimoja cha akina mama wa Pongwe, wanaojenga ghala lao, kina jina la herufi 43. (Makeshia walikwishaanza kunong'ona kwamba akina mama wale wana mkosi.) Triga inapokwama kwa kosa 1406 (data ni ndefu kuliko safu), MySQL hutengua ile amri moja tu, si muamala mzima, kwa hiyo kufuli hubaki hadi programu itoe ROLLBACK (amri ya kutengua muamala wote), nayo programu yao hulimeza kosa kimya na kuacha muunganisho wazi, ambao seva isiyobadilishwa mpangilio haiukati mpaka upite muda wa saa 8 bila amri yoyote. Kumbe kuwasha upya kulisaidia kwa kuukata muunganisho huo tu.

Safu nimeipanua mwenyewe. Programu siwezi kuigusa, na wao wanadai walipwe "gharama za maboresho" ili warekebishe kosa lao wenyewe. Aliyewahi kuwabana watu wa namna hii kwa mkataba wa matengenezo anieleze alisimamia kifungu gani, kwani Jumatatu nina kikao nao.