Chumba cha juu kabisa, chini ya bati, Dar: tupeane uzoefu

Mpangaji Mpya: Wakuu, nimepata chumba Sinza, ghorofa ya 3, juu kabisa. Chini kuna sebule ndogo na jiko dogo la ukutani, kitanda kiko darini, unapanda kwa ngazi ya mbao. Dalali anataka kodi ya miezi 6, na yake ya mwezi 1. Nilikwenda saa 1 asubuhi, upepo mzuri sana. Waliowahi kukaa vyumba hivi waniambie, kesho natoa hela.

Kaskazi: Rudi saa 8 mchana. Panda kitandani, ulale dakika 10. Mengine utayajua mwenyewe.

Fundi Bati: Hapo umesema.

Mama wa Wawili: Umenitonesha. Mimi nilipanga cha namna hiyo Mwananyamala, nikajifungulia humo. Usiku mmoja wa masika, saa 9 hivi, tone likanidondokea shavuni. La pili likamwangukia mtoto. Kuwasha taa, maji yanafuata waya wa pangaboi, yanatiririkia kwenye chandarua, rangi ya kutu. Mara cheche, kisha giza. Mtoto ana siku 40, baba yake kasafiri na lori Tunduma. Nikamfunga kifuani kwa khanga, nikashuka kinyumenyume, mguu unatafuta kidato kimoja kimoja, vyote vimelowa. Cha nne kutoka chini kikakatika. Nilianguka chali nimemkumbatia kwa mikono yote miwili. Yeye hakuguswa. Mimi kiuno kinaniuma mpaka leo. Asubuhi mwenye nyumba ananiambia mkataba hausemi lolote kuhusu paa. Nikausoma. Kweli, haukusema.

Kaskazi: Pole sana dada.

Mzee wa Nyumba: Poleni, lakini msituweke wote kapu moja. Mpangaji ananidai bati jipya huku nami namdai miezi 3. Nitanunua na nini?

Konda: Mzee, na ile ya miezi 6 uliyopokea mbele?

Mzee wa Nyumba: Ilisomesha watoto. Ulitaka niifukie?

Konda: Basi paa nalo lingekuwa mtoto wako wa kwanza, shikamoo.

Binti Ghorofa: Jamani, mimi mwaka wa 4 niko juu na sihami. Hakuna anayekukanyagia kichwani, nguo zinakauka upesi, mbu wachache.

Fundi Bati: Mbu hao wachache wako wapi? Mpangaji Mpya, sikiliza: uliza LUKU ya umeme kama ni yako peke yako au mnachangia mita. Tazama misumari ya bati kwa ndani, yenye kutu ndiyo inayovuja. Na matengenezo ya paa yaandikwe kwenye mkataba, mkasaini serikali ya mtaa.

Konda: Au alaze godoro chini, darini aweke mabegi.

Mpangaji Mpya: Nimetoka huko sasa hivi. Dakika 10 sikuzimaliza, shati limenigandia mgongoni. Pangaboi lilipofungwa kuna duara la maji, wamelipaka rangi nyeupe juu, ukilipapasa vumbi linabaki kidoleni. Dalali anasema kuna mtu anasubiri na hela taslimu.

Mama wa Wawili: Mdogo wangu, una mtoto?

Mpangaji Mpya: Mmoja, dada. Ana miezi 5.

Mama wa Wawili: Mwachie huyo mwenye taslimu.