Ufalme wa Wu, China ya kale: ulipanda ghafla ukaanguka ghafla, kosa lilikuwa wapi?

Msomaji_Usiku
Wakuu habari za humu. Nimezama kwenye historia ya China kabla haijaunganishwa, zile zama falme kibao zinagombania ubabe, na kuna ufalme mmoja unanichanganya sana, Wu, ule wa kule chini mto Yangtze unakoingia baharini, mji mkuu ulikuwa hapo ilipo Suzhou leo. Mwaka 506 KK hawa jamaa wanaingia mpaka Ying, mji mkuu wa Chu, dola kubwa kuliko zote kusini, wanauteka. Halafu 473 KK hawapo tena kwenye ramani, wamefutwa na jirani yao Yue ambaye 494 KK walimchapa akaja kwao kuomba msamaha. Kila mtu anasema kosa ni la mfalme Fuchai kumwacha hai Goujian, mfalme wa Yue. Ni hilo tu kweli?

Kapera wa Mtoni
Hilo jibu la mkato mkuu. Anza na walivyopanda: Jin, wababe wa kaskazini, walitaka mtu wa kuisumbua Chu kwa nyuma, ndo 584 KK wakamtuma Wuchen, yeye mwenyewe mkimbizi kutoka Chu, akawafundisha Wu kupigana kwa magari ya farasi. Yaani Wu ilikuzwa iwe mchokozi wa mtu mwingine. Baadaye akaja mkimbizi mwingine wa Chu, Wu Zixu, baba na kaka yake wameuawa na mfalme wa kule, akaungana na Helü, mfalme wa Wu na baba yake Fuchai. Ying ikaanguka, sawa, ila angalia kilichotokea 505 KK: jeshi bado liko Chu linajinafasi, Yue wakavamia Wu nyumbani, na mdogo wake Helü akakimbilia nyumbani kujitangaza mfalme! Onyo walishalipata mapema sana, hawakulifanyia kazi.

bibi_nyaraka
Mi sikubaliani kabisa na kumsamehe Fuchai kirahisi hivyo. Helü alikufa kwa jeraha alilopata akipigana na Yue 496 KK, mwanawe akalipa kisasi, adui akawa mkononi, Zixu anamwambia mmalize huyu, yeye anamsikiliza waziri wake Bo Pi ambaye alishakula rushwa ya Yue. Kisha 484 KK anamwamuru Zixu ajiue. Mtu anaua jicho lake mwenyewe halafu tuseme tatizo ni jiografia?

Kapera wa Mtoni
Sijasema jiografia bibi 😂 nimesema tabia ya kwenda mbali na kuacha nyumba tupu. Fuchai alichimba mfereji wa Han 486 KK kuunganisha mto Yangtze na mto Huai ili jeshi na chakula vipande kaskazini kwa maji, akaupiga ufalme wa Qi pale Ailing, na 482 KK akaenda na jeshi Huangchi kugombania na Jin nani awe mkubwa wa falme zote. Akiwa huko Yue wakaingia mji mkuu, wakamkamata mwana mfalme mrithi. Habari zilipomfikia unajua alifanya nini? Zuozhuan, kitabu cha kale cha historia ya China, kinasema aliwachinja watu saba hemani kwa mkono wake ili wakubwa wenzake wasisikie. Saba! Mkutano ukaendelea.

Dagaa_Mwerevu
Hapo kwa watu saba nimekaa kimya dakika nzima. Naongeza tu, zile habari za mrembo Xi Shi kupelekwa kumlevya Fuchai hazimo Zuozhuan, zimekuja kukolezwa baadaye sana, kwa hiyo msimbebeshe dada wa watu lawama. Na upanga wa Goujian upo jamani, ulichimbwa Hubei 1965, unakata mpaka leo, na mkuki wa Fuchai ukaja kupatikana mkoa huohuo, vyote vilikuwa kwenye makaburi ya nchi ya Chu.

Msomaji_Usiku
Asanteni sana aisee. Sasa mwisho wake ulikuwaje, alifia vitani?

bibi_nyaraka
Hapana. Mji ulizingirwa muda mrefu, 473 KK ukaanguka. Goujian akamwambia aende akaishi Yongdong, kule mashariki, Fuchai akajibu kwamba ni mzee, hawezi tena kumtumikia mtu, akajinyonga.

Msomaji_Usiku
Kumbe Goujian naye alitaka kumwacha hai!

bibi_nyaraka
Ndiyo, ila yeye alimpa pa kuishi tu, jeshi na nchi alibaki navyo mwenyewe.